Masikio, Bati na Uso wa Hawa

Mkinikuta nimekaa barazani hapa Galbet, mjini Garissa, mnaniuliza nilikuwa nafanya kazi gani kabla macho hayajachoka. Nikiwajibu kwamba nilikuwa napiga picha za masikio, mnacheka. Chekeni, lakini si mzaha. Katika miaka ile ya tisini, ukienda kuomba kitambulisho ulitakiwa upeleke picha inayoonyesha masikio yote mawili, na wapiga picha wa Garissa wote walikuwa wanaume. Sasa niambieni, mwanamke wa hapa angevua shungi mbele ya nani?

Hapo ndipo nilipopata kazi. Nilikuwa na chumba kimoja nyuma ya soko, chenye dirisha moja linalotazama magharibi na pazia nene la kahawia mlangoni. Mwanamke akiingia, pazia linafungwa, shungi linarudishwa nyuma kidogo, masikio yanatoka, napiga, shungi linarudi. Watu wakaniita Safia wa Pazia. Nililichukia jina hilo mwanzoni kwa sababu lilisikika kama la mtu anayejificha. Na kweli nilikuwa najificha.

Wacha niwaambie jambo ambalo sikuwahi kumwambia mteja. Nilikuwa muoga kupita kiasi. Sikusomea kazi hii popote. Nilijifunza kwa karatasi ndogo zilizokuja ndani ya maboksi ya filamu, zile zenye michoro ya jua na mawingu, na kwa kuharibu. Picha ikiwa na kidoa kimoja kama kichwa cha sindano niliirudia, nikaichungulia kwenye mwanga, nikairudia tena. Mama alisema nikiendelea hivyo nitaolewa na karai la maji.

Mtu pekee niliyeweza kumuuliza alikuwa Mutiso, Mkamba wa makamo aliyekuwa na studio karibu na stendi ya mabasi. Nilikwenda kwake na kaka yangu, nikasimama mlangoni, nikauliza maswali yangu nikitazama sakafu. Hakunificha kitu. Dawa ya kuoshea filamu inataka maji ya baridi, na maji ya Garissa hutoka bombani yakiwa tayari kwa chai. Yeye ndiye aliyenionyesha kuzungushia chupa ya dawa gunia la katani lililolowa na kuiweka penye upepo tangu alfajiri. Nilipokuwa sijui hilo, niliosha filamu nzima ya harusi ya mtu na nyuso zote zikayeyuka kama samli. Bibi harusi huyo tulikutana sokoni kwa miaka mingi, na kila mara aliniuliza kama nimepata uso wake.

Mutiso pia ndiye aliyenipa kipimo. Tundu la lenzi kwenye nane, mwendo wa kufungua na kufunga kwenye sitini, mtu akae hatua mbili kutoka dirishani, nyuma yake ukuta mweupe. "Usiguseguse," aliniambia. "Nane na sitini. Hata ukiletewa ngamia." Mimi, kwa hofu yangu, nilikishika kipimo hicho kama dua. Mtu mfupi, mrefu, mzee, kijana: nane na sitini. Nilidhani hiyo ndiyo haki, kila mtu kupata sawa na mwenzake.

Nyuma ya pazia kulikuwa na mazungumzo kuliko picha. Mwanamke akishavua shungi na kujua hakuna mwanamume anayesikia, maneno hutoka. Na neno kubwa lilikuwa daraja. Nyinyi mnapita daraja la Tana mkiwa mmelala kwenye basi. Sisi tulipokwenda ng'ambo tulisema tunakwenda Kenya. Hatukuwa tunatania. Basi likifika darajani lilisimama, askari akapanda, akatembeza macho, akasema, "Wasomali shukeni." Hakuuliza mtu jina, alisoma nyuso tu. Walioteremka walipanga mstari juani na kitambulisho mkononi, na kwa miaka kadhaa hicho hakikutosha, ilibidi uwe na kadi ya pili ya kuonyesha kwamba umechunguzwa na kukubaliwa kuwa Mkenya. Waliobaki kwenye viti walitazama madirishani wakingoja tumalize kuwa wageni ili safari iendelee.

Aliyelisema jambo hili kwa ukali zaidi alikuwa Eeddo Khadija. Alikuwa dada wa baba yangu, na kwetu shangazi haambiwi hapana. Aliuza maziwa ya ngamia, alikuwa na sauti ya kuamsha kijiji, na alikuwa ameshuka darajani mara nyingi kuliko dereva yeyote. "Mimi nilizaliwa hapa kabla ya huyo askari na kabla ya bunduki yake," alikuwa akisema, akikaa kwenye kiti changu cha picha hata siku ambazo hakuja kupigwa. "Ananiangalia usoni halafu ananiuliza mimi ni wa wapi. Uso huu una kosa gani?" Wanawake wote waliitikia. Mimi pia niliitikia. Hakuna aliyedhani kwamba swali hilo lingeweza kuulizwa na mtu mwingine.

Sasa nimfikie Hawa.

Hawa alikuwa binti wa wakulima wa kando ya mto, Wamunyoyaya, watu waliolima ukingo wa Tana tangu zamani. Ndizi na nyanya tulizokula mjini zilitoka kwao. Ni Waislamu kama sisi, wanavaa shungi kama sisi, wengi wanasema Kisomali vizuri kuliko baadhi yetu. Lakini ni weusi sana na nywele zao ni ngumu, na kwa sababu hiyo mjini waliitwa kwa neno ambalo sitaki mlitumie, adoon, yaani mtumwa. Lilitajwa sokoni kama mtu anavyotaja bei ya vitunguu. Nililisikia tangu nikiwa mtoto na nilikuwa sijawahi kumwambia mtu anyamaze.

Hawa alikuwa amepata nafasi kwenye chuo cha uuguzi, huko Kenya. Bila kitambulisho chuo kisingemwandikisha. Kundi la kuandikisha watu lilikuwa limekuja mjini kwa wiki chache tu, na lingefunga kazi siku ya Ijumaa kabla ya swala. Wazee wa kijiji chao walikuwa wameshamthibitisha kuwa mzaliwa wa hapo. Kilichobaki ni picha.

Nikampiga nane na sitini. Picha akaipeleka, akarudi nayo. Karani wa kuandikisha alikuwa amemwambia, "Hapa naona kitambaa na ukuta. Mtu yuko wapi?" Nikaitazama, ikanipasua roho, kwa sababu ilikuwa kweli. Palikuwa na shungi, palikuwa na ukuta mweupe mzuri kabisa, na katikati doa jeusi lenye macho mawili. Nikalaumu joto. Nikabadilisha dawa, nikaongeza gunia, nikampiga tena. Nane na sitini.

Ya pili ilirudi Jumatano. Safari hii karani hakusema mambo ya picha tu. Alimwambia picha kama hizo huletwa na wakimbizi wa Dadaab wanaotaka kujificha sura, na akamwuliza alivuka mpaka lini. Hawa alinieleza haya akiwa amesimama, hakutaka kukaa. Hakulia. Aliniuliza tu, kwa heshima, "Dada Safia, ni uso wangu au ni kamera?"

Nikamwambia arudi kesho alasiri. Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi niliichukua negativu yake, ile filamu iliyooshwa, nikaenda nayo kwa Mutiso. Aliiinua akaitazama kwenye mwanga. Pale panapotakiwa kuwa na uso, plastiki ilikuwa wazi kama kioo cha dirisha. Mwanga haukuwa umefika.

"Hii hutaiokoa kwa dawa," akasema. "Hakuna kitu humu."

Akaingia ndani na kutoka na picha ya harusi yake mwenyewe. Gauni la mkewe lilionekana mpaka kwenye nyuzi. Yeye alikuwa meno na kola. "Miaka yote hii nimeitundika nyumbani hivyo," akasema. "Nilidhani ndivyo tulivyo kwenye picha."

Tulisimama tukiitazama. Kipimo chake na karatasi zangu za maboksi vilitoka mahali pamoja. Aliyeviandika alikuwa amemweka mtu fulani dirishani alipokuwa anapima, na mtu huyo hakuwa Mutiso wala Hawa.

"Fungua lenzi mpaka mwisho," akaniambia. "Mwendo uwe wa polepole, kumi na tano hivi. Pima uso, achana na ukuta."

Nikamwambia ukuta utaungua, utakuwa mweupe usio na kitu.

"Uungue. Kwani ni ukuta unaotafuta kitambulisho?"

Lakini kumi na tano ni mwendo wa polepole sana. Mtu akipumua, picha inatikisika. Nilihitaji mwanga zaidi usoni. Nilipokuwa narudi, mlango wa kibanda cha jirani uliopigiliwa bati ulinipiga mwali wa jua machoni nikapepesa. Mnayakumbuka yale makopo ya mafuta ya msaada yaliyotoka kambini Dadaab? Mji mzima ulikuwa umejengwa nayo. Watu waliyapasua, wakayanyoosha, wakatengenezea milango na mapaa. Nilimwomba jirani bati moja lililonyooshwa, nikalisugua kwa majivu upande wa ndani mpaka likang'aa. Mtu akilishika chini ya kidevu cha mwenzake na kulielekeza dirishani, jua lote lingeruka usoni.

Alhamisi baada ya alasiri Hawa alikuja. Filamu yangu ilikuwa imebaki picha tatu, na duka la filamu lilikuwa limeishiwa akiba, likingoja basi la kesho. Jua lilikuwa limeingia dirishani lakini lilikuwa linashuka. Nilikuwa ndiyo kwanza nimfungie pazia wakati lilipofunguliwa kwa nguvu na Eeddo Khadija akaingia. Kitambulisho chake kilikuwa kimelowa maziwa na kuharibika, naye pia alitaka picha, kabla ya Ijumaa. Akaenda moja kwa moja kwenye kiti akakaa.

Nikamwambia, "Eeddo, unaweza kumsubiri huyu? Yeye ndiye wa kwanza."

Akageuka akamtazama Hawa kana kwamba ndiyo kwanza aone kuna mtu chumbani. Akaniuliza kwa Kisomali, na alijua vizuri kwamba Hawa anakielewa: "Tangu lini nikamngoja adoon?"

Chumba kilikuwa kidogo. Hakuna mahali pa kuweka neno kama hilo. Hawa akaanza kuvuta shungi lake mbele, akachukua mfuko wake. Mkono wake ulikuwa umeshika pazia.

Vijana wangu, sikuwa shujaa. Nilikuwa nimemwogopa mwanamke yule tangu nikiwa mtoto wa kubebwa. Kilichonisukuma ni jua. Niliuona mwanga wake unapanda ukutani, na nilijua ukitoka kwenye kiti, Hawa hatapata picha, na bila picha hapati chuo. Nikasema haraka: "Eeddo, wewe nitakupiga hata mwanga ukiwa kidogo, uso wako unaushika haraka. Huyu jua likimpita sasa, basi. Na neno hilo usiliseme hapa. Hiki ni chumba changu."

Hakuinuka kitini. Nje mtu alikuwa anauza mkaa akipiga kelele. Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo sijui nililipatia wapi. Nilikuwa peke yangu, mikono yangu miwili ilikuwa kwenye kamera, na bati lilihitaji mtu. Nikaliinua nikampa.

"Nishikie hili."

"Nimshikie nani?"

"Nishikie mimi."

Eeddo akaliangalia bati, akaliangalia jua, akainuka kitini. "Lete," akasema. "Tumalize, magharibi isinikute kwenye nyumba yenye makelele."

Hawa alikuwa bado na mkono kwenye pazia. Nikamwambia, "Rudi ukae, dada." Alisita. Nadhani alipima kama chuo kina thamani ya kukaa uso kwa uso na mwanamke yule. Akakaa. Akarudisha shungi nyuma, masikio yakatoka.

Eeddo alipiga magoti mbele yake kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kulishika bati chini ya kidevu. Alilielekeza huku na huku bila kufanikiwa, mwali ukazunguka darini, kisha ukatua. Nami nikauona uso wa Hawa kwa mara ya kwanza kupitia lenzi. Shavu lilikuwa na umbo. Juu ya nyusi palikuwa na kovu dogo. Kumbe nilikuwa nimempiga mara mbili na kovu hilo sijaliona.

Eeddo naye alikuwa analitazama. Hakuwa na pengine pa kutazama. Nikiwa napima, akamwuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, kwa sauti ya mtu anayegombana: "Huko ofisi wamekuuliza nini?"

"Waliniuliza babu yangu amezikwa wapi."

"Na wewe umesema wapi?"

"Shambani kwetu. Mto ukifurika unalifunika kaburi, ukishuka tunalijenga tena."

Eeddo akalisogeza bati kidogo. "Mimi darajani wameniuliza jina ya chifu," akasema. "Nimewaambia huyo chifu alikuwa shemeji yangu, na alikuwa mwizi ya mbuzi. Wakasema hayo majibu haiko kwa orodha."

Hawa akacheka wakati nimeshabonyeza. Picha ya kwanza ikaharibika. Nikawaambia nimebakiwa na mbili tu, na moja ni ya Eeddo.

"Usicheke," Eeddo akamwamuru, kana kwamba si yeye aliyesababisha. "Usipumue. Angalia huyo msichana muoga hapo kwa kamera, atakufa."

Jua lilikuwa limefika kwenye bega la Hawa. Nikasubiri bati litulie. Mikono ya Eeddo ilikuwa imechoka, na sikuthubutu kumwambia apumzike. Akabana viwiko vyake kwenye mapaja ya Hawa ili visitikisike. Nikabonyeza. Kumi na tano. Ule mlio wa polepole, wazi, kisha funga.

Picha ya mwisho ilikuwa ya Eeddo, jua likiwa limeshatoka dirishani. Bati lilishikwa na Hawa. Hakuna aliyemwambia alichukue.

Niliosha filamu jioni ile nikiwa nimeuma kucha zote. Nilipoinyanyua kutoka kwenye maji, pale pa uso palikuwa na kitu. Ukuta ulikuwa umeungua kabisa.

Ijumaa niliandamana naye mpaka ofisini, nikabaki mlangoni kwa sababu sikuweza kukaa nyumbani. Karani aliichukua picha, akaiweka mbali, akaileta karibu. Akamtazama Hawa, akatazama picha.

"Sasa huyu ndiye wewe," akasema.

Hapo ndipo mtu mwenye busara angesema asante. Hawa akasema, "Hata wale wawili walikuwa mimi."

Mhuri ulikuwa umeinuliwa. Ukabaki hewani. Nikajikuta nimeshika mwimo wa mlango. Karani alimtazama Hawa, Hawa hakuinamisha macho. Nilikuwa nahesabu makosa yangu yote tangu kipimo cha nane na sitini. Kisha mhuri ukashuka, si kwa hasira wala kwa upole, kama mhuri unavyoshuka, na karani akaita, "Anayefuata."

Baada ya mwaka huo sikumpiga tena mtu kabla sijamtazama kwanza. Nilijifunza kuuweka mkono wangu karibu na shavu la mtu kupima mwanga, na wateja wapya walidhani nawasomea dua. Mutiso alipiga upya picha na mkewe, akaniita nimshikie bati. Simu zenu siku hizi hupima zenyewe, lakini nawaona mnavyozipiga picha za watu kwenye sherehe. Bado mnapima ukuta.

Kitambulisho cha Hawa kilitoka siku chache kabla chuo hakijafunguliwa. Alipanda basi la alfajiri, na ikatokea kwamba Eeddo Khadija alikuwa kwenye basi hilohilo, akienda kwa binti yake Nairobi. Mimi sikuwepo. Nilisimuliwa na Eeddo mwenyewe aliporudi, akiwa amekaa kwenye kiti changu cha picha, amekasirika.

"Yule msichana wako ni mjinga," aliniambia.

Nikauliza amefanya nini.

Basi lilisimama darajani kama kawaida. Askari akapanda, akasema Wasomali washuke. Eeddo akainuka na magoti yake mabovu. Hawa, aliyekaa kiti cha jirani, naye akainuka. Askari akamtazama usoni, akamwambia, "Wewe kaa, mama. Wewe si wa hawa." Ofisini uso huohuo ulikuwa wa mkimbizi. Darajani ukawa wa Kenya.

"Angekaa," Eeddo akasema. "Kila mtu angekaa. Mimi ningekaa. Akashuka, akasimama nyuma yangu kwenye mstari, juani, na kikadi chake mkononi."

"Ukamwuliza kwa nini?"

"Nilimwuliza. Nikamwambia, wewe mwendawazimu, umeambiwa ukae." Eeddo akavuta shungi lake, akaangalia dirishani mahali ambapo jua huingia. "Akasema ameihangaikia sana ile picha. Lazima mtu aitazame."

Nikamwuliza kama askari aliitazama.

"Aliitazama," Eeddo akasema. "Nilihakikisha. Nilimwambia mwanga huo nimeushika mimi."